Namna Tatu za Kumwandika Kaka

Mwezi uliopita, rafiki yangu, nilipita Kapata, mtaa nilikokulia, nikasimama mbele ya darasa letu la zamani. Mabati yameng'olewa, na ndani mtu amelundika magunia ya makaa. Harufu ya sombe, yaani kisamvu, kutoka nyumba ya jirani ikanirudisha kwa bibi, aliyetulea mimi na kaka yangu. Asubuhi bibi alitwanga sombe, mimi nikachota maji, na kaka akafunga taa yake kichwani kwenda kuchimba shaba kwenye kilima kimoja upande wa Mutoshi. Aliacha shule ili mimi nisome.

Mwalimu wetu, mwanamke mpole asiyeshika fimbo, siku moja alitufundisha nafsi tatu.

"Muchague mutu moya wa kwenu," alisema. "Kwanza muandike sawa vile njo ye anasema: mi. Kisha mumuambie ye mwenyewe: weye. Mwisho mutuelezee habari yake: yeye."

Nilimchagua kaka. Niliandika, "Mi nashuka mu shimo, niko na njala, lakini naimba." Nikaanza ya pili: "Weye, ukirudi leo, usinichekeshe wakati bibi anasali." Hapo jirani yetu akatokea mlangoni, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Alimnong'oneza mwalimu, na mwalimu akanitazama mimi. Shimo lilikuwa limeporomoka.

Wenzake kaka walifukua mpaka udongo ukaanza kuwaangukia wao. Hawakumtoa. Tulikaa matanga bila maiti.

Niliporudi darasani, mwalimu aliniambia nimalize ile sehemu ya tatu, kama nitaweza. Kuandika "alikuwa" kulinishinda. Nikarudi kwenye "weye", nikajaza ukurasa mzima. Mwalimu alisoma polepole, hakusahihisha hata herufi moja.

"Peleka ku nyumba," alisema. "Usomee bibi."

Bibi hakujua kusoma. Alisikiliza huku akichambua lengalenga, mara mikono yake ikasimama.

"Ongeza," alisema. "Muambie: nilikukatazaka, weye ukanicheka."

Nikaandika.

"Muambie sikukasirika."

Nikaandika. "Na nini tena, bibi?"

"Muulize kama kuko baridi kule chini."

Hapo kalamu ilinikatalia. Bibi akarudi kwenye mboga zake.

Sasa bibi hayupo. Mwalimu alihamia Kasai, habari zake zikanipotea. Kilima kile kilizungushiwa uzio na kampuni ya madini, kisha malori yakakibeba kidogo kidogo, mawe na udongo, mpaka pakabaki bonde lenye maji ya kijani. Nilipotoka Kapata nilifika pale pia, nikashika waya za uzio. Nilitaka kumsemesha kaka, lakini sikujua nigeukie upande gani.