Mahali pa Marehemu Baba

Ile wiki ya kupeleka samaki Bwera naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nusura nikose mke. Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, nami nilikuwa mvuvi kijana wa Ziwa George, kichwa kigumu kweli kweli. Nilikuwa nimewaahidi wazazi wa Masika, mchumba wangu, samaki aina ya ngege wa karamu ya Jumamosi, siku ya kujitambulisha kwao Bwera. Ningefika mikono mitupu kwa uso gani?

Jumatano nilitega nyavu mahali pa marehemu baba, alipokuwa akivulia na kunionyesha, pale ambapo ukitazama, mlima na paa la kanisa vinakaa mstari mmoja. Nikapata kamongo mmoja tu, yule samaki kama nyoka, tena mwenye hasira. Alhamisi, hata huyo hakuja. Maji ya pale yalikuwa yametakata, nami nikayapenda hivyo hivyo. Ule ukijani wa sehemu nyingine za ziwa niliuona uchafu tu, sikutaka kuwavulia wakwe ndani yake.

Mama Biira, bibi aliyekausha samaki pale mwaloni, alikuwa ameniita siku zote mbili nikajifanya sisikii. Ijumaa nikamwendea mwenyewe, kichwa chini. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Weye kijana, samaki iko nakula jina ya baba yako?"

Akachota maji ya kijani kwa bakuli jeupe. Loo! Ndani vilielea vitu vidogo vidogo, laini kama unga.

"Hii ndiyo posho ya samaki, chakula yake. Hii miaka maji imepata joto, mvua nayo inakuja ovyo. Posho imehamia kule muto inaingia na maji ya baridi. Fuata!"

Nikafuata. Nyavu zilipokuwa nzito nilipiga kelele peke yangu mtumbwini kama mwendawazimu. Kesho yake mama mkwe alifunua kapu, akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Nilikaribia kulia kwa furaha. Baadaye nikasikia redioni kwamba hata baharini ni hivyo: maji yakipata joto, vile vidogo vinahamia penye baridi, na samaki nyuma yao.

Basi mwanangu, baba yangu hakunidanganya. Samaki walikuwepo pale, wakati wake. Siku hizi hali ya hewa imegeuka, kwa hiyo ulichorithi kiangalie upya, tena muulize anayeyatazama maji kila siku. Muulize siku ya kwanza, usingoje ya tatu kama mimi. Mungu akubariki, akupe macho ya kuona na masikio ya kusikia, na akujalie mtu wa kukucheka kwa upendo kabla hujachelewa.