Zana ya Kufunga Barabara

Kazi yangu ni kuandika maelezo ya zana za kompyuta. Zamani niliwaandikia watu. Siku hizi nawaandikia mawakala wa akili bandia, yaani programu zinazosoma maelezo yangu kisha zinafanya zenyewe kile ambacho mtu angekaa kitini kukifanya. Mtu akipewa maelezo mabovu hunung'unika, akamuuliza jirani yake. Wakala hana jirani. Anaamini ulichoandika na kukifuata kama kilivyo.

Kampuni moja ya malori yanayobeba mawe ya shaba kutoka shimo la upande wa Mutoshi iliniita niandike maelezo ya zana za chumba chake cha redio. Humo alikuwamo yaya wangu, dada yangu mkubwa, aliyenilea na kunisomesha kwa kazi hiyohiyo ya kuwaongoza madereva. Mkuu wa ofisi hakutuficha. Alituambia sote wawili kwamba wakala akifaulu majaribio ya msimu wa mvua, kazi ya yaya itakwisha. Yaya akajibu, “Sawa, chef,” kana kwamba ameambiwa chai imechelewa. Nilimkasirikia kwa utulivu ule kuliko nilivyomkasirikia mkuu mwenyewe.

Nilitaka kukataa. Yaya hakutaka hata kunisikia.

“Ukikataa, banaenda kuleta mwingine,” aliniambia nyumbani kwake Dilala, huku akichambua matembele. “Ule hajue ile barabara. Ataandika bongo, uongo mutupu.”

Basi nikaanza. Nikafungua maelezo ya zana ya kufunga barabara, yaliyoachwa na waliotengeneza programu, nikakuta maneno mawili: “Hufunga barabara.” Yamekwisha. Hata kopo la dawa ya mende lina maelezo marefu kuliko hayo! Hawakusema kwamba ukishafunga, malori yote hutoweka kwenye skrini, hata yale ambayo bado yako kwenye mteremko. Hawakusema kwamba zana ya kusimamisha malori ikijibu “sawa”, maana yake amri imefika, si kwamba lori limesimama. Hayo yote niliyapata kwa yaya, jioni baada ya jioni, naye alinieleza bila kuficha chochote. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi nilikuwa ndani ya nguo ya yaya tangu utotoni.

Jaribio la kwanza lilifanyika mvua ikinyesha kweli. Wakala aliongea redioni kwa sauti ya kike, na yaya alikaa pembeni kumwangalia. Malori yalikuwa mteremkoni, udongo umeanza kuteleza. Wakala alituma amri ya kusimama, kisha akamuuliza dereva mmoja mmoja, “Umesimama?” Wote wakajibu, “Ndiyo, mama.” Akajiandaa kufunga barabara na kuruhusu gari la kusawazisha udongo lipande kutoka chini. Yaya akanyakua redio.

“We wa nyuma, unaona nini mbele yako?”

Ikaja sauti ya kijana: “Mama, naona tu matope. Camion inateleza, mama, inakataa.”

Yaya akamwelekeza aegemeze magurudumu kwenye tuta la kando, polepole, akimwita mwanangu, mpaka lori likakwama.

Wahandisi walidhani breki zilituma taarifa mbaya. Mimi na yaya tulijua kilichotokea. Kwetu, mtu aliyelelewa vizuri hamjibu mama “apana”. Ukimuuliza kama amesimama atasema ndiyo, kisha atahangaika kuifanya iwe kweli. Ndiyo maana yaya haulizi kamwe swali la ndiyo. Humuuliza dereva anaona nini, na kutokana na jibu anajua lori liko wapi na liko katika hali gani.

Nilifurahi, sitasema vinginevyo. Wakala ameshindwa, yaya atabaki kwenye kiti chake. Maelezo yangu niliyaacha kama yalivyo, na jibu la wahandisi kuhusu breki nikaliacha litembee. Zilipita siku chache tu, yaya akaniuliza.

“Uliandika ile ya kuuliza anaona nini?”

“Bado.”

“Ju ya nini?”

“Yaya, unajua ju ya nini.”

Akalisugua shuka alilokuwa akilifua. “Bale ni batoto ya bantu,” akasema. “Mi nitatoka, leo ao kesho. Banataka ile mashine, bataiweka. Ile siku mutoto ya muntu akizikwa mu matope, mi nitalala namna gani? Na we?”

Nilimwambia ananiua. Nilimwambia hajali nafsi yake, hajawahi kuijali, na kwamba nimechoka kuwa mdogo wake. Nikalia palepale uani, mbele ya majirani. Yeye akanipa ncha ya shuka tulikamue pamoja.

Kesho yake niliandika: “Usitumie swali linaloweza kujibiwa kwa ndiyo. Muulize dereva anaona nini mbele yake. Usifunge barabara mpaka kila dereva aeleze anachokiona na maelezo yake yaonyeshe kwamba amesimama.” Sijawahi kuandika maelezo yaliyo wazi kuliko hayo.

Mvua iliyofuata, wakala aliuliza kama yaya anavyouliza, akasubiri, akafunga barabara kwa wakati wake. Mkuu wa ofisi akamgeukia yaya mbele ya wote akamuuliza kama kuna kitu kinachokosekana. Nilimtazama machoni. Neno moja tu lingetosha, na hakuna mtu chumbani ambaye angeweza kumpinga.

“Hakuna, chef,” akasema. “Inaweza.”

Akachukua mkoba wake na kanga yake ya baridi, akatoka. Sasa yuko nyumbani. Kuhusu kazi hataki nimuulize, na mvua ikianza huingia chumbani akafunga mlango.

Mimi nimepewa zana za mzani wa malori, ofisi ya jirani. Mama anayeshughulika na mzani ule ni mchangamfu sana. Ananieleza kila kitu, ananiwekea chai kabla sijafika, na ananihimiza niandike vizuri ili mashine imsaidie kazi. Hakuna aliyemwambia yaliyompata yaya. Na mimi sijamwambia.