Bawa la Akala

Ndugu yangu mdogo amenitumia picha tatu kwenye simu. Ni magari ya mbio ya kuendesha kweli, yale yanayoigwa kutoka ya zamani: unaletewa vipande kwenye makasha, unaviunga mwenyewe nyumbani. "Niaje sis. Nichagulie moja," ameandika. Wewe ungecheka, rafiki yangu. Mimi chai imenimwagikia, maana mara ya mwisho kumchagulia gari nilikuwa na miaka kumi, na nusura nimzike.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Mbotela, Nairobi, kwa shosho, nyanya yetu. Jumamosi kazi zetu zilikuwa mbili: kukatakata sukuma wiki na kupaka sakafu nta nyekundu mpaka ing'ae. Nyumba nzima ilinukia nta na maharagwe. Nta iliyobaki tukalipaka gari letu, kreti ya mbao juu ya beringi nne, vile vigurudumu vya chuma, tuliloiga kutoka picha ya gazeti lililofungiwa nyama.

Magari yote ya beringi pale mtaani yalikuwa na breki ya aina moja: kipande cha akala, vile viatu vya tairi, kimepigiliwa nyuma, unakikanyaga kinakwaruza lami. Sisi tulikuwa na akala moja tu, mbovu, ya shosho. Na lile gari la gazetini lilikuwa na bawa nyuma, nalo lingehitaji akala hiyo hiyo.

"Tuweke breki ama bawa?" ndugu yangu akauliza. Alikuwa na miaka sita.

Mimi mjuaji nikamjibu, "Gari gani ya mbio haina bawa? Utaburuza miguu." Nikapigilia bawa.

Nikamsukuma mwenyewe, kwa nguvu zangu zote. Njia yetu iliteremka moja kwa moja hadi Jogoo Road. Beringi zikalia kri, kri, kri, kisha mlio ukawa mmoja, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba miguu yake iko ndani ya kreti. Ataburuza nini? Jamani, woga ulionishika sijauona tena, hata nikiwa leba. Nilikimbia nikipiga nduru, huku naona lori likipita kule chini na jingine likifuata. Jirani yetu aliyeuza viazi kando ya njia aliinuka, akaangusha gunia zima katikati. Gari likaingia pale. Viazi vikabingiria hadi barabarani, lori likavisaga.

Nilijua amekufa. Kidevu kilikuwa kimepasuka, na sikuweza kutofautisha damu na nta. Kisha akalia, nami nikaketi chini pale pale. Shosho hakunichapa, na hilo lilinitisha zaidi. Alimbeba, akaniambia tu, "Okota viazi vya watu."

Jirani yule hayupo tena, shosho pia. Njia yetu imejaa vibanda, hakuna mtoto anayeteremka na chochote. Nta ya siku hizi nimeinusa madukani, si yenyewe.

Nimempigia ndugu yangu, nimemwuliza kama anakumbuka kile kidevu.

"Zii, hiyo sikumbuki," akacheka. "Nakumbuka vile ulinisukuma. Sis, sijawahi kwenda mbio hivyo tena. Si ndiyo maana nataka hii?"

Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikilikimbiza lile gari peke yangu.

"Chukua ile nyekundu," nikamwambia. "Lakini breki tunafunga kwanza, na nitakuwa hapo."