Mama Mkwe Asema Namlisha Mtoto Vijidudu

Jumatatu, Aprili 1994. Asubuhi mvua nyepesi, ziwa halionekani kutoka huku Kaloleni. Naomba ukurasa huu wa ushauri ufiche jina langu.

Nina miaka ishirini na tisa, nilimaliza kidato cha nne, na nina binti mmoja wa miaka minne, nimwite Atieno. Akinywa maziwa tumbo linamvimba, anaendesha hadi analegea. Daktari wa watoto alisema tuache maziwa, akatuandikia vidonge vya kutafuna, vyenye ladha ya chungwa, vya kumsaidia tumbo. Mume wangu alipouliza ni dawa gani, nilimweleza kama nilivyoelezwa: ndani mna vijidudu hai, vile vizuri vinavyokaa tumboni. Naye akampelekea mama yake maneno hayo.

Juzi Jumamosi tulikwenda kwao kijijini, Pap Onditi. Mama mkwe alikuwa ameketi na wake wenzake.

"Njooni mwone msomi wetu," akasema. "Maziwa ya ng'ombe wangu ni sumu. Vijidudu ndivyo chakula."

Wakacheka. Akaitoa chupa ya vidonge mkobani mwangu, akawagawia watoto wa boma kama peremende mpaka vikaisha. Kisha akamjazia Atieno kikombe cha maziwa. "Kunywa. Asiyekunywa maziwa ya hapa si wa hapa."

Nilinyoosha mkono. Mume wangu akaushika. "Mama Atieno, usiniaibishe kwa mama."

Mtoto alimaliza kikombe chote, akasema, "Asante, dani," jinsi tunavyomwita bibi. Kabla hatujafika barabarani alikuwa amejichafua, analia na kuniomba msamaha. Baba yake akasema mimi ndiye niliyemdekeza.

Sasa mama mkwe ameagiza Atieno apelekwe Jumamosi hii akaishi naye, alale nyumbani mwake na kumtumikia, kama ilivyo desturi kwa mjukuu wa kike. Mume wangu amekubali. "Akizoea maziwa ataacha hizo peremende zako."

Nilitumaini mtoto mwenyewe angekataa. Jana jioni nilipomuuliza, alijibu, "Nitaenda, Mama. Nikinywa yote, dani atasema mimi ni wake."

Ninyi mliolea, nikimficha kwa mama yangu nitaambiwa nimevunja ndoa. Nikimpeleka, atakunywa na kunyamaza. Mngekuwa mimi, mngeshika njia gani?

Usiku wa kuamkia leo usingizi ulinipata saa tisa.