Mahali Mashine Ilipoweka Maneno ya Tshibola

Tshibola alizaliwa Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Baba yake alifikishwa huko akiwa mtoto wa mgongoni, babu alipoletwa kutoka Kasai kujenga reli. Mwaka 1993 hayo yote hayakumsaidia kitu. Mgodi mkubwa ulikuwa umeporomoka, mishahara imekatika, na vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiwaambia watu wenye asili ya Kasai warudi kwao. Waliwaita bilulu, yaani wadudu.

Kazi yake ilikuwa kuchapa maandishi katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha misheni. Kulikuwa na kompyuta mbili: moja ya zamani inayotumia DOS, na Makintoshi iliyoletwa na padri mmoja Mbelgiji. Programu za zote mbili zilijua Kifaransa tu. Kila alipoziambia zikague maandishi ya Kiswahili, zilisimama kwenye kila neno na kusema ni kosa. Zilisimama hata kwenye jina lake. Tshibola akazoea kubonyeza kitufe cha kuongeza neno, ili mashine isimsumbue tena. Hivyo kwa miaka aliziingizia maneno ya sokoni, ya jikoni na ya mgodini: bukari, yaani ugali, sombe, yaani kisamvu, lutuku, yaani pombe kali, na mengine mengi asiyowahi kuyaona kwenye kitabu chochote. Siku moja akawaza kwamba angeyatoa yote na kuyafanya kijitabu kwa ajili ya akina mama waliojifunza kusoma parokiani. Wangeanza na maneno ya vinywani mwao.

Hakufika huko. Asubuhi moja mkurugenzi alimwita.

"Mama Tshibola, mi siko na bubaya na we," alisema bila kumtazama. "Lakini bakikukuta humu, batachoma nyumba yote. Kamata bitu yako leo. Kesho usirudiye."

Aliyebaki naye ni Séraphin, kijana wa Lubudi, mwenyeji ambaye hakuna aliyemfukuza, aliyefanya kazi meza ya pili. Alifunga mlango kwa ufunguo, akampa disketi mbili. Tshibola alikopi folda ya kazi zake, kisha akaifungua kuhakikisha. Aliona kadi za arusi, matangazo ya misa, barua za shule. Maneno hayakuwemo.

"Maneno yangu iko wapi?"

Séraphin, aliyezoea kumwita yaya, yaani dada mkubwa, alivuta kiti. "Haiko mu bitu yako, yaya. We ulikuwa unaambia programu. Programu inaweka bitu yake kwake."

Kwenye ile ya DOS haikuwa vigumu. Programu ilikaa na vitu vyake vyote katika saraka moja. Séraphin aliiambia ionyeshe mafaili, majina yakapita kwenye kioo, akasimamisha kidole kwenye faili moja lenye tarehe ya jana. Walipolifungua, maneno yalikuwa yamejipanga kwa herufi, mamia kwa mamia. Tshibola aliweka mkono mdomoni, kisha akalikopi kwenye disketi ya kwanza.

Makintoshi iliwashinda. Walifungua folda ya programu, hamna kitu. Wakafungua folda yake mwenyewe, hamna kitu. Nje filimbi za wale vijana zilianza kusikika upande wa soko. Séraphin alisema mashine hii haina desturi ya ile nyingine. Huku programu inakaa chumba kimoja, na mambo ya mtu inayaweka chumba kingine. Mwishowe walifungua Dossier Système, folda ya mfumo wa mashine yenyewe, ambayo padri aliwakataza kabisa kuigusa, na ndani yake folda ya Préférences, ya mapendeleo ya mtumiaji. Faili lilikuwa humo. Alilikopi kwenye disketi ya pili.

Mlangoni Séraphin aliinamisha kichwa. "Utoke wa kwanza, yaya. Nisamehe. Bakituona pamoja…"

"Najua," Tshibola alisema, akatoka.

Mume wake, Kalombo, alikuwa ameshashika nafasi stesheni, kando ya reli, na binti yao Ndaya. Walilala pale kwa majuma mengi, maelfu ya watu chini ya maturubai na mabati, wakingoja treni isiyokuja. Surua ilichukua watoto wa majirani. Chupa ya mawese ilivuja ndani ya mzigo, na disketi ya DOS ikaloa mafuta mpaka ndani. Tshibola aliipangusa kwa kitenge, akaona haina faida, akaitupa.

Treni ilipokuja, Kalombo alikuwa ameshaanza kuharisha. Baada ya kupita stesheni ya Kamina alikufa. Treni iliposimama kidogo, wanaume walimzika kando ya reli kwa haraka, na Tshibola hakupata hata muda wa kuangalia vizuri mahali penyewe.

Walifika Mwene-Ditu, mji wa Kasai ambao hakuwahi kuuona, kwa watu walioambiwa kuwa ni ndugu zake. Ndugu hao walicheka jinsi alivyosema Kiluba, lugha ya kwao, kwa lafudhi ya Kolwezi, wakamwita Mkatanga, yaani mtu wa huko huko alikofukuzwa. Aliuza karanga. Mwaka uliofuata alisikia kwamba mnunuzi mmoja wa almasi ana kompyuta, akaenda na ile disketi ya Makintoshi. Karani, Henri, alikuwa mtu mpole. Aliingiza disketi, na mashine ikaandika kwamba disketi haijaandaliwa, je, iandaliwe sasa?

"Labda inataka kuamshwa," Henri alisema, akabonyeza ndiyo kabla Tshibola hajainuka kwenye kiti.

Tshibola alijua mara moja kilichotokea. Mashine ya aina ile haikuweza kusoma disketi ya Makintoshi. Iliiona kama kitu kitupu, na sasa imeifanya kitupu kweli.

Henri alimrudishia disketi. "Haikuwa na kitu, mama."

"Asante, tata," Tshibola alijibu, akimwita baba kwa heshima. Alitafuta machozi njiani, hayakuja. Yalikuwa yameisha pale karibu na Kamina.

Jioni ile alimkuta Ndaya akicheza uani na watoto wa jirani.

"Ndaya, uniletee mayi," alimwambia kwa Kiswahili cha Kolwezi.

Mtoto aliwatazama wenzake kwanza, kisha akamjibu kwa Kiluba. Mama yake alitaka kumwambia ajibu kwa Kiswahili, akaacha. Alikunywa maji, akarudi kupanga karanga zake.