Mgeni Aliyemuuliza Ghala

Kazini, kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu, bwana mmoja alikuwa fundi wa kompyuta tu, mtu wa kuitwa printa ikigoma. Lakini kwenye jukwaa moja la mtandaoni, ambako watu hujadili habari za teknolojia, alijiita Ghala, na Ghala alikuwa mtu mzito. Ikitoka habari ya diski mpya za kuhifadhi data, watu walisubiri Ghala aseme. Ikitangazwa simu ya mfumo huria, ile unayoweza kuifungua mwenyewe na kubadilisha programu zake zote bila kumwomba mtu ruhusa, Ghala ndiye aliyewatia moyo waoga. Na alikuwa na ulimi. Akimkamata mtu kakosea, hamwachii mpaka jukwaa zima licheke.

Mkewe alijua kwamba mumewe anapenda kusoma habari za simu, basi. Jina la Ghala hakulijua.

Siku moja alimfanyia mama mkwe wema. Mama huyo, mshonaji aliyefiwa na mumewe, simu yake ilikuwa imechoka. Ukiibonyeza leo inaitika kesho. Mkwe akahamisha picha na namba za watu, akafuta vingine vyote, akaweka mfumo huria. Jioni simu ilikuwa nyepesi kama imetoka dukani. Mama akambariki mpaka akaona haya.

"Ukikwama, mama," alisema akivaa viatu, "usihangaike kunitafuta. Kuna jukwaa huko mtandaoni, wataalamu tele. Wewe uliza tu, watakujibu."

Mkewe akamfungulia mama akaunti.

Wiki iliyofuata, mchana, fundi alikuwa anakula huku macho yako kwenye kompyuta. Jukwaani walikuwa wanabishana juu ya simu huria mpya, kama data zake ziko salama au la. Katikati ya mabishano akaingia mtu aliyejiita Mgeni.

"Samahanini wataalamu. Simu yangu imebadilishwa mfumo. Kulikuwa na sauti za mtu wangu, sasa sizioni. Zinaweza kurudi?"

Ghala akamwona kichwani kijana fulani anayelilia sauti za mchumba. Akafuta vidole, akaandika: "Aliyekubadilishia ni mbumbumbu, na wewe ni mwenzake. Kitu cha thamani unakiweka mahali pamoja, halafu unakuja kutulilia hapa? Ungempenda kweli ungetunza nakala. Hukumpenda."

Watu wakacheka. Mmoja akaandika, "Ghala kaua!" Akarudi kazini ana raha zake.

Jumapili walikwenda kwa mama mkwe. Mkewe alikuwa jikoni anaosha vyombo. Yeye amekaa sebuleni karibu na cherehani, vipande vya kitambaa cha sare za shule vimejaa mpaka kwenye kiti. Mama akamletea simu.

"Nisomee hapa, mwanangu. Miwani yangu imevunjika mkono. Niliuliza kule kwa wataalamu wako, kuna mmoja kanijibu, sikumwelewa vizuri."

Alisoma kwanza kwa macho. Yalikuwa maneno yake mwenyewe. Kisha akajua sauti zile ni za nani: baba mkwe, fundi bomba, alipolazwa hospitali, alikuwa akichukua simu ya mkewe na kujirekodi akimtania. Yeye alihamisha picha, akahamisha namba. Sauti hakuzikumbuka.

"Anasema... ungetunza nakala," alisema.

"Hayo niliyaona. Kuna mahali kasema sikumpenda. Anamsema mume wangu?"

Akapitisha kidole kwenye skrini.

"Soma, baba. Mbona unaruka?"

Akasoma neno kwa neno. Alipofika mwisho mama alikuwa anakunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

"Kwa nini hukuniambia zimepotea, mama?"

"Ulishinda siku nzima na simu yangu. Ningekuvunja moyo."

Hapo ndipo aliposhindwa. "Mama, huyo Ghala ni mimi."

Mama akatabasamu, akidhani utani. Akamtazama vizuri, tabasamu likaondoka. "Na huyo mbumbumbu?"

"Ni mimi pia."

Bomba la jikoni likafungwa. Mkewe akatokea mlangoni, mikono inachuruzika maji, akawatazama wote wawili.

"Sikujua ni wewe, mama. Ningejua..."

"Ndiyo. Ungejua ni mimi ungenijibu kwa adabu." Mama akakaa kwenye cherehani. "Basi huyo mgeni mwingine, asiye mkwe wako, yeye ilikuwa haki yake?"

Akaanza kushona. Mkwe akabaki anatazama uzi unavyopungua.

Alijaribu kila programu anayoijua kuzifufua sauti zile. Hazikurudi. Akaandika jukwaani, kwa jina lilelile, kwamba mbumbumbu aliyemsema alikuwa yeye mwenyewe, na Mgeni ni mama aliyemlea mke wake. Wengine wakamcheka kwa maneno aliyowafundisha. Mtu mmoja tu aliuliza kama mama hakuwahi kumtumia mtu sauti hizo. Ndipo alipowauliza ndugu wa mkewe, na shemeji yake, dereva wa lori, akapekua simu yake na kukuta moja aliyotumiwa: marehemu analalamika kwamba uji wa hospitali hauna sukari, halafu anakohoa, halafu anacheka.

Mama aliisikiliza mara nyingi, ameishika simu sikioni kwa mikono miwili. Akamshukuru mkwe wake kwa upole, kama mtu anavyomshukuru jirani.

Baadaye simu ya mama ilianza kukataa chaji.

"Lete niiangalie, mama," alisema.

"Acha tu, baba. Nitampelekea fundi wa pale sokoni."

"Sawa, mama," akasema, akainamia chai yake.