Furukombe wa Mvinje wa Mjomba

Harufu ya mvinje uliopasuliwa hunirudisha Msimbati, kwenye ua ambako mjomba alinoa shoka.

Uvuvi wa baruti ulikuwa umewafukuza furukombe, wale tai wala samaki wenye vichwa vyeupe. Samaki waliporudi, nao wakarudi, wakajenga kiota juu ya mvinje ambao mjomba alitaka kuufanya nguzo za nyumba. Nikamsihi angoje makinda waruke.

“Wangapi?”

“Wawili. Nimehesabu mara mbili.”

Akakubali. Wa kwanza aliporuka tu, shoka likatoka.

“Mjomba, tulipatana wawili.”

“Mwana wewe, ulizaliwa sokoni nini?”

Tukakaa chini ya mti tukitafuna muhogo. Mara kinda wa pili akajitupa, akaporomoka kama kanga iliyochomoka kambani, kisha akapiga mabawa na kupaa juu ya mikoko. Akina mama waliokuwa uani wakapiga vigelegele. Mjomba akainuka, akarusha kofia yake juu, akacheka mpaka akakaa chini.

“Sasa mwakani wakirudi wakakuta kisiki, nitawaambia nini?”

Akaondoka kwenda kumwomba jirani mvinje mwingine. Nikamfuata, maana kupatana hakukuwa kipaji chake.